Makosa ya Kiingereza na Mahali Yalikotoka

Msomaji wangu, siku utakapopata nafasi, shika njia itokayo katikati ya Nairobi kwenda magharibi, wala usiharakishe. Anzia River Road, ambako maduka yamebanana kama vitabu katika rafu. Upite Museum Hill, uingie Westlands, kisha uifuate Barabara ya Waiyaki kupita Kangemi na Uthiru hata ufike Kikuyu. Njiani soma vibao vya wenye biashara. Utamkuta seremala aliyeandika "Furnitures", na mwenye mkahawa aliyeandika "Brakefast". Hukosi kukuta pia duka la madaftari na kalamu ambalo juu ya mlango wake pameandikwa "Stationary", neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni kitu kilichosimama pasipo kwenda. Kwa kweli duka limesimama wala haliendi, lakini silo alilokusudia mwenyewe. Alitaka "stationery", yaani vifaa vya kuandikia. Herufi moja imemponyoka.

Wengi wakisoma vibao hivyo hucheka. Mimi nami nilikuwa nikicheka, hata siku moja nilipofuata asili ya neno lenyewe. Zamani huko Ulaya wachuuzi wengi walikuwa watu wa kutembeza mali zao, leo mji huu, kesho mji ule. Wauzaji wa vitabu hawakuwa hivyo. Wao walikaa karibu na vyuo vikuu, mahali pamoja, na kwa Kilatini mtu wa namna hiyo akaitwa "stationarius", maana yake aliyesimama mahali pake. Bidhaa zake ndizo zilizokuja kuitwa "stationery". Basi maneno haya mawili ni watoto wa mama mmoja, na tofauti ya herufi yao iliwekwa baadaye ili jicho lipate kuwatambua. Mwenye duka wa River Road, bila kujua, amerudi nyumbani kwa babu yao.

Katika insha hii nataka tuyatazame makosa ya namna hiyo kama mchimbuaji wa mambo ya kale atazamavyo vigae: havicheki, bali huuliza vimetoka wapi. Maana katika nchi yetu kosa la Kiingereza halikuwa jambo la kuchekesha tu. Palikuwa na wakati ambapo liliweza kumfungia mtoto mlango wa maisha.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938, mbele kidogo ya Kikuyu kwa njia ile ile tuliyoishika, ameeleza habari moja katika kitabu chake Decolonising the Mind kilichotoka mwaka 1986. Mwaka 1954 walifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule ulioitwa kwa kifupi KAPE. Katika darasa lao alikuwamo kijana aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kiingereza alishindwa, na kwa sababu hiyo akahesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima. Kijana yule akaenda kuwa utingo katika basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake katika masomo mengine hazikufikia za mwenzake, alifanya vizuri katika Kiingereza, akapata nafasi katika Alliance High School pale Kikuyu, shule ambayo kila mzazi wa siku zile aliitamani kwa mwanawe.

Tafadhali simama hapo kidogo. Hesabu ya kijana yule ilikuwa sahihi. Jiografia yake ilikuwa sahihi. Lakini hatukusikia tena habari zake, wala jina lake silijui.

Je, ilikuwaje lugha moja ikapewa nguvu kubwa kiasi hicho? Ukidhani kwamba Wazungu walikileta Kiingereza na kuwalazimisha watu tangu siku ya kwanza, umekosea. Mambo yalikuwa na mizunguko zaidi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Kabete shule iliyoitwa Jeanes School, ya kuwafunza walimu waliokuwa wakizungukia shule za vijijini. Na mwaka uliofuata, 1926, Alliance ikafunguliwa. Katika miaka ile mtoto wa Kiafrika alianza kusoma kwa lugha ya nyumbani kwao, na Kiingereza kikaja baadaye, kwa wale wachache waliofika mbali. Walowezi wengi hawakupenda kabisa kumsikia mtumishi wao akisema Kiingereza. Walitaka asikie amri tu, na kwa hilo Kiswahili kibovu cha jikoni kiliwatosha.

Waliokidai Kiingereza ni wazazi. Katika nchi ya Wakikuyu, baada ya ugomvi na misheni mwishoni mwa miaka ya 1920, watu walijenga shule zao wenyewe, wakazichangia kuku, mbuzi na senti, na moja ya madai yao ilikuwa watoto wafundishwe Kiingereza mapema. Waliona wazi kwamba sheria, kodi, hati za ardhi na mishahara ya maana vyote viliandikwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1939 wakafungua na chuo chao cha ualimu huko Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange. Mimi niliye mwalimu wa chuo cha ualimu siwezi kukipita chuo kile bila kukitaja. Wazee wasiojua kusoma walitoa mali yao ili wajukuu wapate walimu.

Kisha ikaja Oktoba 1952, na Hali ya Hatari. Shule zile za kujitegemea zilifungwa au zikatwaliwa na serikali. Ngũgĩ, aliyekuwa katika mojawapo, anaeleza kwamba baada ya hapo Kiingereza kikawa kitu cha kusujudiwa. Mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa, au alivikwa shingoni kibao cha kumtangaza kuwa mjinga. Na ili wakosaji wapatikane, watoto walipewa kifungo cha nguo wakipitishiane: kila aliyekuwa nacho alimpa yule aliyemsikia akisema lugha ya mamaye, na jioni wote walioshika kifungo wakajulikana. Hivyo watoto walifundishwa Kiingereza, na pamoja nacho wakafundishwa kuwauza wenzao.

Usidhani kwamba mambo hayo yalikwisha na bendera ya zamani. Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka 25 baada ya Uhuru, nami nilikivaa kibao hicho. Kwetu kilikuwa kipande cha mti kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba, na kwa vile kilipita katika shingo za watoto wengi kilikuwa kimelainika kama mpini wa jembe. Nilikivaa Jumanne nzima kwa sababu ya kusema, "Nipishe."

Katika mwaka 1957 serikali ilianzisha Nairobi kituo maalumu cha kutengeneza masomo ya Kiingereza kwa watoto wadogo. Kilianza na shule za Wahindi, ambako watoto wa lugha nyingi walikaa katika darasa moja, na baada ya miaka michache utaratibu wake ukaenezwa katika shule za Waafrika. Tulipopata Uhuru, Tume ya Elimu ya mwaka 1964 chini ya Profesa Ominde ilikubali Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 tume nyingine, ya Gachathi, ilisema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Mitihani ilibadilika majina mara nyingi. Ule wa darasa la nane tulioujua sisi ulianza mwaka 1985 ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Jambo moja halikubadilika, nalo ni kalamu nyekundu.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Nilipokuwa darasa la tano nilimwendea mwalimu nikamwambia, "Borrow me your pen." Darasa likaangua kicheko. Niliamriwa kuliandika neno la haki mara 50, na nikaliandika: "Lend me your pen", "Lend me your pen", hata mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyeniambia kwa nini nilikosea. Nami nilikaa miaka mingi nikidhani kwamba nilikosea kwa uzito wa kichwa. Lakini litazame neno letu "kuazima". Tunasema, "Niazime kalamu yako," na tunasema, "Nimeazima kalamu kwa Juma." Kalamu ikienda, kalamu ikija, neno ni lile lile, anayetoa na anayepokea tunawajua kwa viambishi vilivyokaa ndani ya kitenzi na kwa maneno yanayokizunguka. Mwingereza hana viambishi hivyo, kwa hiyo imembidi aweke maneno mawili, moja kwa kila upande. Mtoto anayesema "Borrow me" anafikiri sawasawa kabisa, ila kwa sarufi ya nyumbani.

Ukishapata ufunguo huo, milango mingi hufunguka. Mwanafunzi huandika, "Although he was sick, but he came," kwa kuwa sisi husema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na masikio yetu huona sentensi isiyo na "lakini" imekatika mkia. Huandika "I heard a bad smell", kwa sababu kwetu harufu husikiwa. Humwita dada yake "he", si kwa kukosa adabu, bali kwa kuwa neno "yeye" halijali kama mtu ni mume au mke. Husema ameumia "leg" kumbe ni unyayo, maana mguu wetu huanzia pajani ukaishia vidoleni.

Lipo kosa moja ambalo si la mchezo. Ukimwuliza Mswahili, "Hukuwapo pale jana?" naye hakuwapo, atajibu, "Ndiyo," yaani ni kama ulivyosema. Mwingereza mwenye jambo lilo hilo hujibu, "No." Sasa mfikirie shahidi aliyesimama mahakamani Nairobi akiulizwa kwa Kiingereza, "You were not there?" naye akajibu "Yes" kwa desturi ya kwao. Mwandishi wa mahakama ataandika nini? Katika mtihani kosa hili hupoteza alama moja. Kizimbani linaweza kupoteza zaidi.

Makosa mengine hutoka masikioni. Kiswahili kina irabu 5. Kikuyu kina 7. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ukihesabu na zile za kuunganishwa. Mtu mwenye vyungu 5 akipewa nafaka za aina 20, hana budi kuchanganya. Ndiyo sababu "hat", "hut", "heart" na "hurt" hutoka katika vinywa vya wengi wetu kama neno moja, na mwanafunzi akaandika "I want to live this place" hali amechoka napo anataka kuondoka. Wakikuyu nao hutaniwa kwa kuchanganya "l" na "r". Utani huo umechakaa sana, na mara nyingi watani wenyewe hawajui kwamba lugha ya Kikuyu haina sauti ya "l".

Zaidi ya hayo, mtoto wetu hujifunza kwanza kuandika kwa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa. Akisikia "mkate" huandika "mkate". Imani hiyo huichukua mpaka kwenye Kiingereza, na huko imani humponza. "Their" na "there" humfikia sikioni kwa sauti moja. Atajuaje ipi ni ipi? Jambo hili lakini si letu peke yetu. Watoto wa London hukosea papo hapo.

Nasi tukifika London tutaona kwamba makosa mengi tunayoadhibiwa si ya kwetu hata kidogo. Yaliachwa njiani na Waingereza wenyewe. Mashine ya kupiga chapa ilifika kwao mwaka 1476, ikaletwa na William Caxton, na tangu hapo maandishi yakaanza kuganda wakati ambapo matamshi yalikuwa yangali yakibadilika. Ile "k" ya neno "knife" ilikuwa ikitamkwa. Watu wakaiacha vinywani, lakini vitabu havikuiacha. "Then" na "than" yalikuwa neno moja. "Of" na "off" yalikuwa neno moja. "Flower" la ua na "flour" la unga yalikuwa neno moja pia, kwa kuwa unga ulio safi ulihesabiwa kuwa ndio ua la ngano. Na hata Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 hakuyatenganisha. Mwanafunzi wa Kangemi aandikaye kwamba mama amenunua "flower" kilo mbili angepita salama mbele ya Johnson.

Lakini mfalme wa makosa yote ni "its". Kila mwalimu wa Kiingereza amelifundisha jambo hili mpaka akachoka: "it's" yenye alama juu ni ufupisho wa "it is", na "its" isiyo na alama ni ya kumilikisha. Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona tunaandika "the dog's tail" kwa alama, nasi tukimwita mbwa huyo "it" alama inaondoka? Jibu ni la historia. Neno "its" ni geni. Katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 halikuwamo kabisa. Watu walitumia maneno mengine. Lilipoanza kutumika, waandishi wengi waliliandika kwa alama ile ile, na jambo hilo liliendelea hata karne ya 18, miongoni mwa watu wenye elimu kubwa. Baadaye wapiga chapa na walimu wa sarufi wakakubaliana kuiondoa. Basi mtoto aandikaye "it's tail" ameyafuata mantiki, na amewafuata mabwana wa karne ya 18. Amechelewa tu.

Na Shakespeare, ambaye tamthilia zake ziliigizwa kila mwaka na wanafunzi wa Alliance katika miaka ile ya 1950? Huyu aliongeza neno la kuzidisha juu ya neno lililokwisha kuzidishwa, jambo ambalo leo likionekana katika daftari hupigwa mstari. Amefanya hivyo katika Julius Caesar, ile tamthilia aliyoifasiri Mwalimu Nyerere ikatolewa mwaka 1963. Hakuna aliyemnyima Shakespeare cheti.

Usije ukanielewa vibaya. Sikwambii uandike upendavyo. Mkataba ulioandikwa vibaya humtia mtu hasara, na barua ya kuomba kazi husomwa na mtu asiyekujua wala asiye na wakati wa kutafuta asili ya kosa lako. Sheria za lugha ni mapatano, na mapatano yanafaa kwa sababu wengi wanayashika. Ninalosema ni kwamba yaliwekwa na watu, kwa tarehe zinazojulikana, na mara nyingi kwa sababu za biashara na utawala.

Tena tusiwanyooshee Waingereza kidole peke yao. Kiswahili hiki unachokisoma nacho kilikatwa kwa kipimo. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakaamua kwamba lahaja ya Unguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kusimamia jambo hilo. Kuanzia hapo mtoto wa Mombasa aliyeandika "ndia" kama walivyosema babu zake, babu waliotunga mashairi kabla ya kamati kuzaliwa, aliambiwa aandike "njia". Neno lake halikuwa limeharibika usiku. Lilipigiwa kura tu, likashindwa. Na lilishindwa katika mkutano uliofanyika mji ule ule wa Mombasa.

Katika chuo chetu, wanafunzi wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kangemi na Kawangware, mimi huwapa daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza waandike kosa kama mtoto alivyoliandika, bila kulisahihisha. Katika safu ya pili waandike lilikotoka. Mwanzoni hunung'unika kwamba ni kazi ya ziada. Baada ya wiki mbili huanza kubishana kwenye meza ya chakula, huyu akisema kosa fulani ni la Kiluhya, yule akishikilia kuwa ni la Kiswahili cha mjini.

Muhula uliopita msichana mmoja alinirudishia daftari lake limejaa. Safu ya pili ilikuwa na majibu ya kila namna: "azima", "irabu", "ingawa na lakini", "Kikuyu hakina l". Mbele ya "it's tail" alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: "Uingereza. Mtoto asiadhibiwe peke yake."